Bastola sio tochi: mambo ya kujua kabla hujatoka chumbani usiku

Watu wakija kwenye mafunzo yetu ya usalama wa silaha swali la kwanza huwa ninunue bastola gani, tochi hawaulizi kabisa, wakati mimi nikiulizwa cha kwanza kuweka kando ya kitanda nasema tochi. Umesikia kishindo saa nane usiku. Anaweza kuwa mwizi kweli, ila pia anaweza kuwa kijana wako kachelewa kurudi, au bibi kaamka kunywa maji, na gizani wote hao ni kivuli kimoja tu. Kwa hiyo kabla ya yote ita jina, uliza "nani hapo?", na kama swichi ya ukutani iko karibu basi washa taa ya nyumba, haina ubaya wowote.

Kosa ninaloliona sana ni kwenye ile taa inayofungwa chini ya mtutu. Sio mbaya, ila ndugu yangu, kokote unakomulika ndiko mdomo wa bastola unakoangalia, ukimulika kochi uone nani kalala hapo ushamwelekezea silaha mtoto wako. Hata ukiwa nayo, kuwa na tochi ya mkononi, hiyo ndo ya kutafutia, bastola inabaki imeangalia chini na kidole kiko nje ya triga kabisa.

Mbona nasisitiza kidole? Jaribu hapo ulipo, bila silaha yoyote. Mkono wa kulia ukunje kidogo kama umeshika kikombe, halafu wa kushoto ubane tochi ghafla kwa nguvu zako zote. Wengi wanaona vidole vya kulia navyo vinajikaza kidogo. Ukishtuka ndo zaidi, na wengine wamefyatua risasi hivyo hivyo bila kukusudia.

Tena huhitaji kumpiga mtu mwanga machoni ndo umtambue. Mulika dari au sakafu, mwanga unasambaa chumba kizima unaona sura na, muhimu kuliko sura, unaona mikono imeshika nini. Kioo na ukuta mweupe chunga sana, tochi ya lumeni 1000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwenye korido nyembamba inakurudia mwenyewe, na macho yakishapigwa mwanga yanataka kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri. Chukua tochi inayowaka pale tu unapokuwa umebonyeza swichi, ukiachia inazima, maana ukiidondosha inazima, haibaki inakuanika wewe.

Halafu hii ya kuzunguka nyumba peke yako ukitafuta mtu, achana nayo. Kama familia yote mnayo chumbani fungeni mlango, pigeni simu polisi, waambie upo chumba gani na kwamba una silaha. Wakifika usiwamulike, silaha iweke chini, mikono ionekane, kwa sababu na wao gizani hawajui wewe ni nani.

Betri sasa. Za lithiamu zinakaa stoo hata miaka 10, zile alkalaini za kawaida zinavuja. Mimi mwenyewe mwalimu mzima nilishawahi kubonyeza tochi ya kitandani ikakaa kimya, kufungua nakuta springi imejaa unga mweupe. Siku hizi naibonyeza kila nikienda kulala.