Je, wajua kwa nini picha ya mshipa wa moyo ulioziba haitoshi kuamua matibabu?

Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye tundu dogo la mkononi au pajani, anaufikisha kwenye mishipa inayoulisha moyo, kisha anaingiza dawa ya rangi. Kwenye skrini ya eksirei mshipa mmoja unaonekana umeziba kwa asilimia 60. Uwekewe stenti, yaani kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa uwe wazi?

Hapo picha inakwama. Inaonyesha kivuli cha mshipa, haisemi kama damu inayopita inatosha. Mkulima akikuta jiwe mferejini haulizi ukubwa wake tu. Anataka kujua kama migomba inapata maji. Kizuizi kilekile kinaweza kuwa hatari kikiwa kirefu au kikiwa kwenye mshipa unaolisha sehemu kubwa ya moyo, lakini kwenye tawi dogo kisiwe na neno.

Miaka ya 1990, madaktari wa moyo Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji waliendeleza kipimo kinachoitwa FFR. Waya mwembamba kama milimita 0.36, wenye kihisi cha presha karibu na ncha, huvushwa hadi upande wa pili wa kizuizi. Presha ya huko hugawanywa kwa presha ya kabla ya kizuizi. Kabla ikiwa 100 na baada ikiwa 75, jibu ni 0.75. Likiwa 0.80 au chini, mshipa huo kweli unaunyima moyo damu. Likizidi hapo, mara nyingi dawa zinatosha.

Kinachonivutia zaidi ni adenosini, dawa anayopewa mgonjwa wakati wa kupima. Moyo uliotulia huficha shida yake, kwa kuwa mishipa midogo inayopokea damu baada ya kizuizi hujitanua kufidia. Adenosini huitanua yote, kana kwamba mtu anapanda mlima, na upungufu hujitokeza. Kifua hubana kidogo, kisha hali hupita upesi.

Utafiti wa FAME wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 1,005 wa Ulaya na Marekani, ulionyesha uzito wa jambo hili. Kati ya vizuizi vya asilimia 50 hadi 70, ni asilimia 35 tu vilivyokuwa vinazuia damu kiasi cha kudhuru. Hata vile vya 71 hadi 90, kimoja katika kila vitano hakikuwa na madhara hayo. Waliopimwa FFR waliwekewa stenti chache zaidi, na baada ya mwaka mmoja asilimia 13.2 yao walikuwa wamefariki, wamepata shambulio la moyo au wamerudi kuzibuliwa, dhidi ya 18.3 ya waliotibiwa kwa picha pekee.

Kwa hiyo ukitajiwa asilimia 60, muulize daktari kama presha ya mshipa huo imepimwa. Mwenye shambulio la moyo linaloendelea ni habari nyingine: mshipa uliolisababisha hausubiri kipimo hiki, unazibuliwa mara moja.