Je, wajua kwa nini gundi ya PVC (aina ya plastiki ya paipu) haishiki paipu ya kijani?

Ukienda hadwea pale Mwembe Tayari, Mombasa, ukasema wataka gundi ya paipu, muuzaji akiwa anajua kazi yake atakuuliza kwanza, paipu gani? Wengine hapo huanza kununa, kwani gundi si gundi tu?

Kusema kweli ile kitu ya kwenye mkebe si gundi. Gundi ya mbao hukaa katikati ikashikilia vitu viwili, hii yenyewe yayeyusha. Mna dawa kali kama asetoni na tetrahaidrofurani, na mna PVC iliyoyeyushwa humo humo, sasa ukipaka, paipu inalainika juu na soketi, yaani mdomo wa fitingi (kiungo) inamoingia paipu, inalainika ndani, ukizisukuma pamoja plastiki ya huku inaingiliana na ya kule, halafu dawa inaruka hewani, kinabaki kipande kimoja. Ndio maana jointi ikishakauka haibanduki, labda ulete msumeno.

Basi kama kazi ni kuyeyusha, lazima iwe inaiweza plastiki yako. Hizi za kijani za PPR ni polipropilini na hazisikii dawa hizo kabisa, utamaliza mkebe mzima na ukifungulia maji zinachomoka, zenyewe huunganishwa kwa mashine ya moto, kama digrii 260 hivi. Zile nyeusi za poli (polithini) pia gundi haiziwezi. Na kama ni CPVC ya maji moto tafuta mkebe ulioandikwa CPVC, usipewe wa PVC ukaambiwa ni mamoja.

Halafu kuna uzito wa gundi yenyewe. Paipu ya nusu inchi gundi nyepesi yatosha, lakini ile ya inchi 4 ya maji machafu mara nyingi huacha mwanya, hapo wataka nzito ya kujaza. Jaribu kavu kwanza, kabla ya kupaka: paipu iingie kama theluthi moja mpaka mbili ya kina cha soketi kisha ikaze, ikiingia mpaka mwisho huku inacheza badilisha fitingi.

Sasa joto letu hili. Paipu imelala juani juu ya paa mchana wa Januari, wapaka upande mmoja, ukigeukia soketi ule wa kwanza ushakauka, kwa hivyo ni asubuhi au kivulini na mkebe uwe wafungwa kila ukishapaka. Ikishaganda kama jeli tupa, na fundi anayetaka kutia thina mwambie hapana. Ukishapaka ingiza huku wazungusha robo, kisha ushikilie kama nusu dakika, maana soketi huwa nyembamba kuelekea ndani na ukiiachia mapema paipu yajirudisha nje yenyewe pole pole, hata huoni.

Ya maji ya presha iache siku nzima. Najua maji ya mfereji yaweza kuja usiku huo huo baada ya kuyangoja wiki, lakini funga koki, bora mkateke kwa jirani.