Kadi ya Pili Ikikuzimia Kompyuta, Iache Windows Yako

Kijana mmoja anayehariri video za harusi pale Kirumba, Mwanza, kaniletea mashine akiwa kanuna. "Fundi, nimepiga Windows mara tatu, bado inajizima." Ilianza lini? "Tangu niongeze kadi ya pili ya grafiki." Basi Windows imekukosea nini, bwana mdogo?

Hii nimechoka kuisikia. Draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, ikigoma, mara nyingi utaona skrini ya bluu, picha itagandaganda, au kadi moja haitaonekana. Ila mashine ikikata ghafla kama mtu kachomoa plagi, tena pale tu unapoanza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, mimi naanza na pawasaplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme. Piga hesabu. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao, inatoa hadi wati 75, waya wa pini 8 hadi 150. Kadi yenye tundu moja la pini 8 inaweza kuvuta 225. Mbili ni 450, na prosesa hujaigusa. Halafu kadi huwa zinaruka juu ya kiwango chake kwa sehemu ndogo ya sekunde, pawasaplai inashtuka, inajikata.

"Lakini yangu imeandikwa 600!" Karatasi haina umeme. Soma ubavuni ampea za laini ya volti 12, uzidishe kwa 12. Ya kijana ilikuwa na ampea 30, yaani wati 360.

Kabla hujanunua chochote, chomoa kadi mpya. Ikitulia, weka hiyo mpya peke yake kwenye sloti ya kwanza. Ikitulia tena, kadi zote mbili ni nzima. Ugomvi mara nyingi ni umeme au joto. Dakika ishirini tu, kuliko kukesha unapiga Windows.

Na zile adapta za kugeuza plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, kuwa ya pini 8, tafadhali ziache. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imeundwa kubeba wati 54. Nimeshazitoa zimeyeyuka. Kila kadi ipate waya wake kutoka kwenye pawasaplai.

Stebilaiza? Nunua, umeme wetu unapanda na kushuka. Lakini inatuliza umeme wa ukutani tu, haiongezi wati ndani ya boksi.

Na memori za kadi hazijumlishwi: GB 4 na GB 4 hazifanyi 8. Kwenye gemu kila kadi inabeba nakala yake. Na la SLI, ule mfumo wa kuunganisha kadi mbili zifanye kazi pamoja, lisikusumbue: kurenda kwa programu ya Blender hakulihitaji, na GeForce za RTX 40 hazina hata tundu lake.

Kufungua ubavu wa keesi kunapunguza joto, sawa, lakini jaribu usiku karibu na ziwa taa ikiwaka, asubuhi uhesabu wadudu kwenye feni. Bora uache nafasi kati ya kadi, maana kadi ya juu ndiyo inayokosa hewa.

Yule wa Kirumba kaondoka na kadi moja ndani ya mashine, nyingine mfukoni. Harusi ya Jumamosi karenda bila kukatika. Pawasaplai, anasema, akilipwa.