WebGL: mchemraba una kona 8 ila vateksi zake ni 24

Hii ndo inawachanganya wengi wanaoanza kuchora 3D kwenye brauza kwa WebGL. Mtu anasema mchemraba una kona 8, basi natuma pozisheni 8 na indeksi 36 (namba za kusema pozisheni ipi itumike) kwa zile pembetatu 12, nimemaliza. Kama ni rangi moja tu sawa, utachoreka vizuri. Washa taa sasa. GPU (chipu ya kuchora picha) haijui kitu kinaitwa kona, inajua vateksi, na vateksi ni furushi zima: pozisheni, nomali (mshale unaoonyesha uso unaangalia wapi, taa inauhitaji), na sehemu yake kwenye tekscha (picha inayobandikwa juu ya umbo). Kona moja wanakutana nyuso 3 na kila uso unaangalia upande wake, kwahiyo hapohapo zinatakiwa nomali 3 tofauti, na indeksi moja inabeba furushi lote kwa mpigo, huwezi kuiambia chukua pozisheni ya 2 halafu nomali ya 5. Faili la OBJ (la kuhifadhi maumbo ya 3D) linaruhusu hivyo, WebGL hairuhusu, ndo maana ukisoma OBJ lazima upange data upya. Nyuso 6 mara kona 4, unapata 24, na indeksi zinabaki 36 zilezile. Wengine wanaona ni kupoteza memori wanang'ang'ania 8 na nomali za wastani, matokeo yake kingo zinafifia na mchemraba unaonekana umevimba kama mto wa kulalia.

Halafu kuna hii ya straidi (umbali toka mwanzo wa vateksi moja hadi inayofuata) na ofseti (kitu kinaanzia wapi ndani ya furushi), watu wanahesabu idadi ya namba. Hapana jamani, ni baiti! Pozisheni floti 3 (floti ni namba ya desimali, baiti 4), nomali 3, tekscha 2, jumla floti 8 ila straidi ni 32, nomali inaanzia 12, tekscha 24. Mimi niliwahi kuweka straidi 8 na konsoli ikakaa kimya kabisa, maana 8 inagawanyika kwa 4 kwahiyo kwake ni halali, pembetatu zikatawanyika skrini nzima nikakesha natafuta kosa kwenye sheda (programu ndogo inayoendeshwa na GPU) wakati sheda haina tatizo. Ofseti ukiandika 3 afadhali, unapata kosa la INVALID_OPERATION, maana 3 haigawanyiki kwa 4.

Rangi nazo si lazima ziwe floti. Tumia Uint8 (namba nzima 0 hadi 255, baiti 1) nne, normalized weka true ili zisomwe kama 0 hadi 1, zinakula baiti 4 badala ya 16.

Na si kweli kwamba kuchanganya kila kitu kwenye bafa moja (fungu la data unalotuma GPU) ni bora siku zote. Kama pozisheni zinabadilika kila fremu na tekscha haibadiliki, zitenganishe, utume upya pozisheni peke yake.