Kinga ya meko: inakinga nini hasa?

Kinga ya meko ni kizuizi kinachosimamishwa mbele ya meko ya ukutani, ya kuotea moto chumbani. Fasili ni hiyo tu. Taabu ni kwamba kila kinachosimama pale siku hizi huitwa kinga, hata ubao uliochorwa maua, kisha mtu huwasha moto nyuma yake akijiona salama.

Tulitazame neno. Kukinga kuna sura mbili. Unakinga jua kwa kiganja: unalizuia lisikufikie usoni. Unakinga maji ya mvua kwa ndoo: unayadaka. (Kinga cha moto, chenye wingi vinga, ni neno jingine la ngeli nyingine: ni ukuni unaowaka, ule wa methali "kinga na kinga ndipo moto uwakapo".)

Wavu wa waya hukinga kama ndoo. Kuni mbichi au zenye utomvu hupasuka pale unyevu uliomo unapogeuka mvuke, na cheche huruka. Wavu huzidaka, joto likapita matunduni. Ndiyo maana wavu sharti uwe mpana kuliko mdomo wa meko, uzidi walau sentimita 5 kila upande na juu pia, kwani cheche moja yatosha kupenya mwanya wa pembeni au pale waya ulipokatika na kutua zuliani. Gogo likiviringika litauangusha. Hilo huzuiwa na chanja ya chuma ndani ya meko. Tena wavu wenyewe hupata joto kali la kuunguza kiganja, kwa hiyo penye mtoto huongezwa uzio uliofungwa ukutani, mbali kidogo na wavu.

Kukinga kama kiganja kulikuwa na chombo chake. Uingereza ya karne ya 18, kibao cha kitambaa kilichotariziwa kilipachikwa kwenye mti wa miguu mitatu, kikapandishwa au kushushwa usawa wa uso wa aliyeketi. Kilikaa karibu na kiti, si mdomoni mwa moto.

Ubao wa maua haudaki wala hauzuii. Kazi yake ni meko baridi: kuficha tundu jeusi la masizi na kupunguza upepo ushukao dohani. Ni wa mbao, nguo au karatasi, vyote kuni kwa moto. Kabla ya kuwasha, uondoe, uuweke mita 1 au zaidi kutoka mekoni. Tuuite pambo la meko, tafadhali, na jina la kinga tuuachie wavu.