Je, wajua kwa nini udevu laini unaushinda wembe wa chuma?

Hebu fanya hivi. Chukua wembe mpya, ule bapa wenye makali pande mbili, utoe kwenye kakaratasi kake, halafu ng'oa udevu mmoja uulaze pembeni yake. Upana wa udevu na unene wa ule wembe hauachani sana, vyote vinacheza kwenye sehemu ya kumi ya milimita hivi. Ila kwa ugumu hata usifananishe, chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele kama mara 50, sasa hapo si hata mechi. Lakini nyoa nao siku nne tano uone, unaanza kuvuta, unakwaruza, shingo inawaka moto, na mwisho wa siku anayetupwa ni wembe, ndevu kesho yake zipo pale pale zinachomoza. Umeshindwaje?

Mi hili swali limenikaa kichwani muda mrefu kwa sababu ni mmoja wa wale watu ambao kunyoa kwao si kazi ni starehe. Naamka mapema kidogo makusudi, nina bakuli langu, brashi, sabuni ngumu ya kunyolea, mashine ya chuma ya kushikia wembe, ile ya kufungua kwa kuzungusha mpini, na pembeni ya kioo nimebandika kikaratasi, kila wembe ukitumika napiga kamstari ili nijue umefika mara ya ngapi. Nyumbani wananicheka, sawa, wacheke. Ila hicho kikaratasi ndo kilinifungua macho, maana wembe wa aina moja, pakiti moja, uso ule ule, mmoja unafika mara saba bado mtamu na mwenzake anakata roho mara ya tatu. Kama makali yangekuwa yanalika pole pole kama soli ya kiatu, si yangekuwa yanakaribiana?

Maelezo tuliyozoea ni kwamba makali yanachakaa, yanakuwa mviringo kama ncha ya penseli, basi. Wengine wanasema ni kutu. Yote mawili yanaingia akilini, ndo maana hakuna aliyehangaika kuuliza zaidi.

Sasa mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani wakatoa majibu yao kwenye jarida la Science, na alichofanya mmoja wao, Gianluca Roscioli, ni kitu ambacho mpenzi yeyote wa kunyoa angekifanya kama angekuwa na vifaa: alikuwa ananyoa ndevu zake mwenyewe kwa viwembe vya kutupa, akimaliza anakipeleka kiwembe maabara anakichungulia kwa hadubini ya elektroni, kesho tena, keshokutwa tena. Alitegemea aone makali yamekuwa butu kwa kulika. Kumbe kulika kulikuwa kudogo sana, alichokuta ni mapengo. Yaani makali yamemeguka, kipande hapa, kipande pale, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Hakuishia hapo, akaunda kamtambo kadogo kanakoingia ndani ya hadubini yenyewe, akafunga nywele zake na za wenzake wa maabara, akawa anazikata huku anaangalia. Na hapo ndo utamu ulipo, kwa sababu waligundua unywele hauwezi kumegua chuma hivi hivi tu, lazima mambo kadhaa yakutane kwa wakati mmoja. Kwanza unywele upate nafasi ya kupinda. Ukikatwa umesimama wima umekaza, wembe unapita salama, lakini ukiinama wembe ukauingia kwa mshazari, nguvu inaacha kusukuma makali kwa mbele tu, inaanza kuyasukuma kwa ubavu. Pili, chuma chenyewe hakiko sawa kila mahali. Kwa macho kinaonekana kimoja, lakini ndani kina chembechembe ngumu na sehemu zilizo laini kidogo kuliko jirani zake, na pale mpakani ndo udhaifu wake ulipo. Tatu, ubavu wa unywele uangukie pale pale kwenye udhaifu. Vikikutana hivyo vyote, ufa unaanza, na kipande kinadondoka. Unene wa unywele wala haukuwa na neno, mwembamba kwa mnene mchezo ni ule ule.

Kwa hiyo tofauti ya mara tatu na mara saba kwenye kikaratasi changu nadhani nimeielewa. Ni kama mvua ya mawe juu ya bati lenye matundu yaliyozibwa, mengi yanadunda tu, moja linapata penyewe. Na pengo moja likishatokea, pembeni yake panabaki pakali bila wa kumshika mkono, pengo la pili linakuja kirahisi zaidi.

Sasa kuanzia hapa naongea mimi, si wao. Nilivyosoma ile habari nikaangalia vile vitu tunavyofanya kila asubuhi, maji, povu, pembe ya mashine, nikaona aisee, karibu vyote vinahusu jambo moja, kumfanya udevu asiwe mbishi na asiiname vibaya mbele ya wembe. Wazee waliotufundisha hawakuwa na hadubini lakini mikono yao ilishajua.

Chukua maji. Udevu mkavu ni mgumu kweli, lakini nywele zinapenda maji, zinaweza kunywa mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake, zinavimba, zinalainika, na nguvu ya kuzikata inashuka sana. Ila hazinywi papo hapo, zinataka dakika mbili tatu. Ndo maana anayejimwagia maji usoni mara moja akaanza kunyoa anajidanganya, na anayenyoa akitoka kuoga anajiona ana ngozi ya bahati kumbe ni ule muda tu ndevu zimekaa kwenye maji. Maji ya moto yanaharakisha, lakini anayefanya kazi ni maji, si moto, ya baridi nayo yanafika, ukiwa na subira. Mafuta ya asili ya ngozi yaliyozunguka udevu ndo yanayochelewesha maji kuingia, basi uso uoshwe kwanza kwa sabuni ya kawaida halafu ndo mengine yafuate.

Povu sasa. Watu wanadhani povu ni urembo, au ni la kukuonyesha wapi umeshapita. Kazi yake kubwa ni kushikilia maji pale kwenye ndevu yasikauke wala kutiririka, na kuweka utelezi katikati ya chuma na ngozi. Sabuni ya kunyolea inapikwa tofauti na ya kuogea, ya kuogea mara nyingi ni ya sodiamu, hii inatiwa potasiamu, ndo maana inayeyuka kirahisi na povu lake ni zito lisilokimbia, na humo wanaongeza gliserini inayong'ang'ania maji. Mi nazungusha brashi kwenye sabuni kama nusu dakika, naihamishia usoni, halafu naongeza maji matone, matone tu, na kuzungusha tena. Mwanzoni povu linakuwa na mapovu makubwa makubwa kama ya kufulia, hilo halifai. Ukiendelea linafunga, linaanza kung'aa, ukilisugua kati ya vidole viwili vinateleza kama vimepakwa mafuta. Likiwa kavu linasimama vizuri kama theluji kwenye picha, linapendeza, na ndo hilo litakalokukwaruza, mi nimeshadanganyika nalo sana. Heri lizidi maji kidogo kuliko lipungue.

Halafu pembe. Mashine ya wembe mmoja unailaza mpaka makali yakae kama nyuzi 30 na ngozi, na unaiacha ishuke kwa uzito wake yenyewe. Siku za mwanzo mi nilikuwa natoka kwenye vile vya plastiki vya kukandamiza, nikaikandamiza na hii ya chuma, weee, kidevu kilifunguka nikashinda nimejigandamiza shabu, lile jiwe jeupe la kufungia damu. Waswahili walishasema mtoto akililia wembe mpe. Ukikandamiza, ngozi inajaa mbele ya wembe, ndevu zinalala, zinakatwa zimeinama, yaani umeshaitengeneza ile hali ya hadubini kwa mkono wako. Mkono wa pili unavuta ngozi taratibu ili ndevu zisimame, na raundi ya kwanza unafuata zinakolala. Kwa wenye ndevu za kujikunja hili ni la lazima, maana ukizikata kinyume na kwa karibu mno ncha inabaki kali kama mkuki, inarudi kuchoma ngozi yenyewe na ndo vile vipele vya shingoni visivyoisha.

Na sikiliza. Hili watu wengi hawalijui. Mashine ya chuma inatoa sauti, kale kamlio ka kwaru-kwaru kila ndevu zinapokatika, na kanabadilika. Pembe ikiwa sawa kanakuwa kavu na kanasikika vizuri, ukiinua mpini mno kananyamaza, na pale ndevu zilipoisha nako kanaisha. Kwa hiyo mi redio nazima nikinyoa. Wembe uliopata mapengo unausikia kabla hujauhisi, mlio unakuwa wa kukatika katika.

Labda unajiuliza, kwa nini basi wasitengeneze wembe mnene tusipate shida hii? Ulikuwepo, ule wa kukunja wa vinyozi, na bado upo, unanolewa na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kila kabla ya kunyoa, ukiutunza unarithiwa. Wembe mwembamba wa kutupa ni wazo la King Camp Gillette, Mmarekani, mwaka 1895 hivi, na wataalamu wa chuma walimwambia haiwezekani, bati jembamba namna hiyo halishiki makali. Aliyeiweza ni mhandisi William Nickerson, ambaye naye, angalia dunia ilivyo ndogo, alisoma MIT hiyo hiyo. Walianza kuuza mwaka 1903, mwaka mzima mashine 51 na nyembe 168, biashara ya kukatisha tamaa kabisa. Hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, ikatoka 1904 na hapo mambo yakalipuka, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika jeshi la Marekani likawagawia wanajeshi mashine hizo kwa mamilioni.

Ujanja wa kuufanya wembe mwembamba hivyo ukae imara uko kwenye kifuniko cha mashine. Wembe ukiwa mkononi unapepea kama karatasi, ila ukiufunga, kifuniko kinaukunja kidogo kama mgongo wa paka, na bati lililokunjwa halipepei tena. Jaribu na karatasi ya kawaida, ishike bapa kwa upande mmoja itaanguka, ikunje kidogo katikati itasimama. Wembe usipobanwa vizuri unatetemeka kwenye udevu, na mtetemo hauna rafiki.

Suala la kutu nalo si la kutupa. Nyembe za zamani zilikuwa za chuma cha kaboni, zinashika kutu usiku mmoja tu. Miaka ya 1960 zikaenea za chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu kama asilimia 13, na juu ya makali siku hizi wanapaka tabaka jembamba sana la ile dawa ya kwenye kikaango kisichogandisha ili yateleze. Kuna wenzangu wanaapa wembe mpya ni mtamu zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza, wanasema mpaka hilo tabaka likae sawa. Kikaratasi changu kinawaunga mkono, ila kikaratasi changu si maabara.

Kitu kimoja naomba uache kama unakifanya, kufuta wembe kwa taulo. Ncha ya makali ni nyembamba kiasi kwamba inapimwa kwa nanomita, yaani sehemu za milioni za milimita, halafu wewe unakuja na taulo lenye maelfu ya nyuzi za kupinda pinda unalipitisha kwa ubavu. Suuza tu kwa maji, kung'uta, acha ukauke.

Mi nyembe zangu zilizokufa nazitia kwenye kopo la bati nililolitoboa mstari juu, kwenye taka za kawaida zitamkata mtu. Marekani zamani kwenye nyumba nyingi kabati la dawa la bafuni lilikuwa na kitundu nyuma, unachomeka wembe uliokwisha unadondokea ndani ya ukuta na habari yake inaishia hapo, mpaka leo fundi akibomoa ukuta wa bafu la zamani anaweza kukuta rundo zima la nyembe zenye kutu limetulia chini, chuma karibu chote kipo, kilichopungua ni vile vipengo tu.