Boti Haipigi Picha Chini ya Ziwa

Kazi yetu ni kupima kina cha Ziwa Viktoria kwa boti isiyo na mtu ndani. Nimeulizwa tena, safari hii na mteja aliyekuwa akinywa chai ufukweni Entebbe: "Bosi, kama boti inajiendesha yenyewe na kupiga picha chini, nyinyi mnalipwa za nini?"

Haipigi picha. Nenda Ghuba ya Murchison uone maji yalivyo ya kijani kwa mwani, halafu uniambie kamera itaona nini. Boti inatuma sauti, inangoja mwangwi, inapima muda. Basi. Kina ni hesabu, na hesabu hiyo inasimama juu ya mwendo wa sauti majini.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi. Yakiwa na nyuzi 25, sauti hupita humo kwa takriban mita 1,497 kwa sekunde. Kwenye bahari ya Mombasa, yenye chumvi na joto, inakaribia 1,540. Sasa chukua sona, yaani hicho chombo cha kupima kina kwa sauti, iliyotoka kazini Mombasa, uiache na namba zake zilezile, uipitishe penye mita 60. Itakuambia kuna zaidi ya mita 61 na nusu! Nahodha ataamini ana maji ambayo hana. Tena joto la juu silo la chini, na tofauti ndogo tu inapinda miale ya sauti ya pembeni, sakafu tambarare ikatoka imekunja kingo kama sinia. Ndiyo maana tunasimamisha kazi mara kwa mara kuteremsha kipimo cha mwendo wa sauti. Boti haijui kwamba imedanganywa.

Kasi nayo: upana wa ukanda unaopimwa kila boti inapopita ni kama mara 3 au 4 ya kina. Penye mita 2, ni mita 6 hadi 8 tu; hesabu mwenyewe ni mara ngapi itapita. Na gugu maji likizonga injini, mtu anaingia mtumbwini kwenda kuitoa.

Mwaka 2022 boti isiyo na mtu ya Maxlimer ilipima kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, ya Hunga Tonga huko Pasifiki ikiongozwa kutoka Uingereza. Naam, ikiongozwa na watu.

Kinachoninyima usingizi ni tope. Penye tope laini, sauti nyembamba (ya masafa ya juu) inarudi kutoka juu ya tope, sauti nzito (ya masafa ya chini) inapenya kwanza. Namba mbili, sehemu moja. Sakafu ni ipi? Mimi huchora kwenye ramani ile ya juu ya tope, ingawa siwezi kuapa kuwa ndiyo. Mwenzangu anasema ninawanyima wenye meli maji wanayoweza kupita, na sijapata jibu la kumnyamazisha.